Kinyonga wa Amani kaonekana Hispania: kutibu koodineti za sampuli zilizopotea njia

Nilipofungua ramani, kinyonga wa Amani, ile ya milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, alikuwa Hispania. Si kinyonga mwenyewe, maskini, yeye yumo ndani ya chupa ya spiriti tangu enzi za ukoloni. Ni kidoto chake, kile kinachoonyesha alikookotwa, ndicho kilichokuwa kimetulia kaskazini ya Córdoba kana kwamba ndiko kwao. Jedwali nilikuwa nimeletewa na taasisi moja ambayo sitaitaja, pamoja na ujumbe mfupi: "Koodineti zimeshakaguliwa, wewe weka tu kwenye ramani."

Ukifanya kazi ya kuzipa sampuli za zamani koodineti, yaani yale majiranukta tuliyosoma kwenye Jiografia, vituko kama hiki utavizoea. Nimeandika kwa kufuata dalili: tazama kwanza kidoto kimefanya nini, halafu rudi nyuma umtafute mchawi. Mifano yangu mingi ni ya Tanga kwa sababu ndiko ninakoishi na mito yake naijua inakopita. Bagamoyo nitaigusa pia, maana ina ugonjwa wake wa peke yake.

Kabla ya dawa yoyote: maneno ya lebo yaache yalivyo, na makosa yake yote. Kwa wanaotumia Darwin Core, mpangilio wa kimataifa wa majina ya safu za data za viumbe, safu yake ni verbatimLocality. Hapo hupasahihishi kitu, hata kama mwandishi kaandika "Muhesa" na wewe ni mzaliwa wa Muheza na moyo unakuuma. Koodineti za awali nazo ziwe na safu yake. Marekebisho yako yaende kwenye safu mpya. Nimeona watu "wakisafisha" data hadi haijulikani tena uchafu ulikuwa nini.

Kidoto kimehamia nchi nyingine

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote, na inafurahisha, kwa sababu nchi ilikoangukia inakutajia kosa. Chukua Amani, ambayo kwa desimali ni takriban -5.10 na 38.63. Sasa angalia:

- Kidoto kiko kusini mwa Ethiopia, pande za Yabelo: alama ya kutoa imedondoka kwenye latitudo. Mtu kaandika 5.10 akisahau kwamba sisi tuko kusini mwa ikweta.
- Kiko Hispania: latitudo na longitudo zimebadilishana safu. Ndiye kinyonga wangu.
- Kiko katikati ya Bahari ya Mediterania, kati ya visiwa vya Balearic na Sardinia: zimebadilishana safu, na alama ya kutoa nayo imepotea.
- Kiko Brazili, jimbo la Ceará: zote mbili zimepewa alama ya kutoa.
- Kiko Ghuba ya Guinea, kusini ya Ghana, kwenye sifuri na sifuri: hakukuwa na koodineti kabisa, ila programu imegeuza nafasi tupu kuwa sifuri.

Dawa ni kurekebisha, lakini usitupe fomula moja juu ya jedwali zima. Chuja kwanza. Tanzania nzima iko kati ya latitudo -1 na -12, na longitudo 29 na 41. Chochote kilicho nje ya hapo kitenge, kigawe kwa aina ya kosa, kisha tibu kundi moja moja. Ukizidisha safu nzima kwa -1 kwa sababu mistari ishirini ilikosa alama, ile elfu moja iliyokuwa salama ndiyo inayokwenda Ethiopia.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu. Majedwali yanayotoka Ujerumani au Ufaransa hutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali. Ukilifungua kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wetu, -5,1042 inaweza kusomwa kuwa -51042. Namba kubwa za ajabu zikitokea, angalia mkato kabla ya kumlaumu mkusanyaji.

Kidoto kiko Tabora, au karibu na Ncha ya Kaskazini

Hapa tunazungumzia namba ndefu za UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita badala ya digrii, kama 459400 na 9436300. Tanga na Bagamoyo ziko kanda ya 37 kusini. Ukichagua kanda ya 36 kwa bahati mbaya, Amani inahamia digrii sita magharibi na kuwa jirani ya Tabora. Ukichagua 37 kaskazini, ile namba ya milioni tisa inahesabiwa kwenda juu kutoka ikweta, na kinyonga wako anapelekwa kwenye barafu, karibu digrii 85 kaskazini. Geuza kanda, basi.

Vidoto vinatembea mstarini kama siafu

Mstari wa kwanza uko sawa, wa pili uko digrii moja pembeni, wa tatu mbili, na kuendelea hadi unatoka nchini. Hakuna mkusanyaji aliyetembea hivyo. Ni mtu aliyeshika kona ya seli na kuiburuta chini ili anakili koodineti moja kwa sampuli zote za siku ile. LibreOffice Calc, ukiburuta seli moja yenye namba, yenyewe inaongeza moja moja. Excel hufanya hivyo ukiwa umeshika seli mbili zinazotofautiana. Rudi kwenye lebo, na safari nyingine nakili na kubandika.

Kidoto kiko Tanga, lakini hapo sipo

Sasa tunaingia kwenye makosa yanayojificha. Hayavuki mpaka, hivyo ukaguzi wa kompyuta unayapitisha.

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni dakika kuvishwa nguo za desimali. Lebo inasema 5°06' kusini, 38°38' mashariki. Mwingizaji data anaandika -5.06 na 38.38. Macho yanaona sawa, tarakimu ni zilezile. Lakini digrii moja ina dakika 60, si 100. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya digrii, kwa hiyo latitudo ni -5.10, dakika 38 ni 0.633, kwa hiyo longitudo ni 38.633. Kwenye latitudo umekosea kilomita nne na nusu hivi. Kwenye longitudo umekosea kilomita 28. Mmea wa msitu wa mvua wa Amani umeushusha hadi bondeni kati ya Korogwe na Mombo, kwenye jua na vumbi.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji programu. Panga safu ya longitudo, utazame tarakimu mbili za mwanzo baada ya nukta. Kama katika mistari mia tatu hakuna hata mmoja unaozidi 59, hizo si desimali. Data halisi ya desimali haiogopi 60 hadi 99.

Kipimo cha pili ni mwinuko. Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kama lebo inasema 900 na kidoto chako kimekaa mahali pa mita 400, mmoja wenu anasema uongo, na mara nyingi si lebo. Ila angalia futi! Waingereza waliandika futi, na mara nyingine "ft" ikapotea wakati wa kunakili. Sampuli ya Usambara Mashariki yenye mwinuko wa 3000 haiwezi kuwa mita, kwa sababu hata kilele cha Nilo hakizidi mita 1510. Futi 3000 ni mita 914, na hapo ndipo Amani yenyewe.

Vidoto vyote vimesogea pamoja, kidogo tu

Kila sampuli ambayo lebo yake inasema "ukingoni mwa mto" imekaa kando ya mto, na zote upande uleule, kaskazini, kwa karibu mita 300. Hapo mchawi ni datamu.

Ramani zetu za karatasi za 1:50,000, zile za mfululizo wa Y742 zinazokunjwa na kuchanika kwenye mikunjo, zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. Simu na GPS zinatumia WGS84. Dunia si duara kamili, na kila datamu imechagua umbo lake na mahali pake pa kuanzia kupima, kwa hiyo namba zilezile zinaonyesha sehemu mbili tofauti. Ukisoma koodineti kwenye karatasi ukazibandika kwenye ramani ya kompyuta bila kuzigeuza, unapata huo msogeo.

Katika QGIS, programu ya kutengeneza ramani, mwambie kwanza kwamba data ni Arc 1960 kwa kuchagua namba yake ya utambulisho: EPSG:4210 kama ni digrii, EPSG:21037 kama ni UTM. Kisha ndipo umwombe aipeleke WGS84. Usiruke hatua ya kwanza. Watu wengi hubadilisha jina la datamu bila kuzigeuza namba, na huko ni kumbadilisha mtu jina ukidhani umemhamisha nyumba. Kama lebo haisemi datamu na huna pa kuuliza, kwenye safu ya geodeticDatum andika kwamba haijulikani, na zile mita 300 ziingize kwenye duara la shaka, ambalo nitalifikia.

Kwa sampuli zilizopimwa kwa GPS kabla ya Mei 2000 kuna nyongeza. Hadi tarehe 2 ya mwezi ule jeshi la Marekani lilikuwa likiharibu kwa makusudi mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia, na kosa lilifika mita mia moja hivi. Mkusanyaji hakuwa mzembe.

Vidoto vimerundikana mahali pamoja

Sampuli mia mbili, kidoto kimoja. Kikuze, utaona namba ni zilezile hadi desimali ya mwisho. Kama ni -6 na 35, pande za Manyoni, mtu kachukua katikati ya Tanzania kwa sababu lebo ilisema "Tanganyika" tu. Kama ni katikati ya Mkoa wa Tanga, lebo ilisema "Tanga" na programu haikujua kama ni mji, wilaya au mkoa.

Kidoto cha katikati si dhambi. Dhambi ni kukiacha bila kusema kwamba ni cha katikati. Atakuja mtafiti, akichukue kwa nia njema, aseme kuna okidi ya milimani inayoota Manyoni.

Jina lipo, mahali ndipo pana utata

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kompyuta inaposhindwa na mtu wa Tanga anaposhinda.

Nilikuwa na lebo inayosema "Kisiwani". Programu ya kutafuta majina ikaipeleka Kilwa Kisiwani, mamia ya kilomita kusini. Kwa upande mmoja siilaumu, haijui Kiswahili. Lakini sampuli ilikuwa mjusi wa msitu wa mvua, na Kilwa Kisiwani hakuna msitu wa namna hiyo. Kisiwani yetu ni kata ya Muheza, chini ya milima ya Amani. Ipo na Kisiwani nyingine Same, chini ya Upare, na huko nako wakusanyaji walipita. Bila jina la wilaya, lebo ya "Kisiwani" inahitaji shahidi: mwinuko, jina la mkusanyaji, tarehe, na sampuli zake nyingine za wiki ileile. Kama jana yake alikuwa Amani na kesho yake yuko Amani, leo hakuwa Same.

Pongwe ni hivyohivyo. Ipo Pongwe hapa Tanga mjini, zipo Pongwe upande wa Chalinze, ipo Pongwe Unguja. Kwale iko Mkinga, iko na kisiwa cha pwani ya Mkuranga, na Wakenya wana yao. Majina ya pwani yametembea pamoja na watu.

Halafu kuna Zigi. Lebo za Wajerumani zinaandika "Sigi", kwa sababu kwao herufi s mbele ya irabu husomwa z. Nilikwenda mwenyewe, nikamkuta mzee amekaa kibarazani anachonga mpini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Watafuta nini?"

"Natafuta Zigi, babu. Ile ya Wajerumani."

Akaweka kisu chini. "Zigi ya mto, au Zigi ya stesheni?"

Swali hilo moja lilikuwa na thamani kuliko wiki yangu nzima ya kubofya. Zigi ya mto inaanzia juu Usambara na kumwagika baharini karibu na Tanga mjini, kwa hiyo "Sigi" ya mto inaweza kuwa popote kutoka msitu wa Amani hadi Amboni. Zigi ya stesheni ni mahali pamoja: mwisho wa ile reli ndogo iliyotoka Tengeni, kwenye reli kubwa ya Usambara, ikapanda hadi chini ya Amani. Nyumba ya stesheni bado ipo, leo inatumiwa na hifadhi. Mwinuko wake ni karibu nusu ya ule wa Amani. Tangu siku ile, lebo ya "Sigi" yenye mita 450 naipeleka stesheni kwa amani kabisa. Yenye mita 50 haiendi huko hata ikilia.

Kwa tahajia za Kijerumani, jifunze kugeuza kichwani: sch ni sh, tsch ni ch, dj ni j yetu, j yao ni y yetu, na s mara nyingi ni z. "Usaramo" ni Uzaramo, "Useguha" ni Uzigua. "Bondei" ni Bonde. "Handei" inakutoa jasho kwa sababu haiko kwenye ramani za leo: ni jina lililotumika kwa Usambara Mashariki, na utalikuta kwenye lebo za Carl Holst, aliyekusanya mimea Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890. Tarehe zao nazo zina mwezi kwa namba za Kirumi. "4.VI.93" ni tarehe 4 Juni 1893. Kuna aliyeiandika 1993, na sampuli ikawa na umri wa mjukuu wake.

Majina yanayoanza na "Kwa" ni balaa ndogo. Kwamkoro, Kwa Mkoro, Kwamkolo: ni palepale. Mashine inayotafuta herufi kwa herufi itakuambia hakuna. Itafute bila "Kwa", jaribu r na l, jaribu kuunganisha na kutenganisha.

Na mipaka inahama. Sampuli ya "Muheza District" ya miaka ya 1970 inaweza leo kuwa Mkinga. "Bagamoyo District" inaweza kuwa Chalinze. Ukiona kidoto kimetoka nje ya wilaya iliyotajwa kwenye lebo, tafuta mpaka wa mwaka ule kabla ya kukisogeza. Ukikuta T3 au T6 kwenye lebo za mimea, usidhani ni namba ya kitalu au ya barabara kama zile za Ngamiani. Ni maeneo ya Flora of Tropical East Africa, vitabu vinavyoorodhesha mimea ya Afrika Mashariki: Tanga na Usambara na Upare ziko T3, Bagamoyo iko T6.

"Maili 20 magharibi ya Muheza"

Umepima maili 20 kwa rula kutoka Muheza, kidoto kikapita milima yote na kutua upande wa pili. Tatizo: mkusanyaji alihesabu maili za gari, si za ndege. Kutoka Muheza hadi Amani kwa mstari ulionyooka ni pungufu ya kilomita 20. Kwa barabara, na zile kona zake, ni zaidi ya 30. Kama lebo inataja barabara, fuata barabara. Kama haitaji chochote na ni nchi ya milima, mimi huifikiria barabara kwanza, na ninaandika kwamba nimefikiria hivyo. Reli afadhali: njia ya reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 na imepita palepale, kwa hiyo "km 40 kwa reli kutoka Tanga" unaweza kuipima vizuri kabisa.

"Magharibi" nayo si sindano. Mtu akisema magharibi bila kuongeza neno, anaweza kumaanisha popote kati ya kaskazini-magharibi na kusini-magharibi. Kwa umbali wa kilomita 10, upana huo unaweza kukupoteza kilomita saba na nusu na zaidi. Itie kwenye duara.

Samaki yuko nchi kavu, mkoko uko baharini

Huu ni ugonjwa wa pwani. Mikoko ya Tongoni ikiangukia baharini, usikimbilie kuisogeza. Ramani nyingi za pwani za kompyuta zimechorwa kwa jumla, vijimkondo na vidole vya matope vimekatwa. Washa picha ya satelaiti. Mara nyingi kidoto kiko sawa na ni mstari wa ramani uliokosea.

Samaki nchi kavu ni jambo lingine. Silikanti, yule samaki wa kale ambaye tangu miaka ya 2000 wavuvi wetu wamekuwa wakimtoa kwenye majarife, na ambaye mwaka 2009 alitangaziwa hifadhi ya bahari hapa Tanga, hukaa kwenye maji ya kina. Lakini sampuli hupewa koodineti za ufukweni alikopimwa, na si za alikonaswa. Ukikuta hivyo, muulize mvuvi kama yupo: jarife lilitegwa mbele ya wapi, kina kipi, waliondoka na upepo gani. Hayupo? Basi koodineti za bandari ziandike kama za bandari, duara lifike kwenye kina kinachowezekana, na maelezo yaseme wazi kwamba hapo ndipo aliposhushwa.

Bagamoyo ina tatizo hilihili kwa kiwango cha misafara. Mji ulikuwa mlango: vitu vya bara vilishuka hapo, vikavuka Unguja, vikapanda meli. Ndiyo maana sampuli za karne ya 19 zinaweza kusema "Bagamoyo" au hata "Zanzibar" na kumbe zilitoka mbali bara. Kiumbe wa milimani mwenye lebo ya Zanzibar mshuku papo hapo. Hutaweza kumrudisha kwao kwa kubahatisha, ila unaweza kukataa kumwandikisha Unguja.

Na mimea ya bustani. Ua la Usambara lililompa sifa Walter von Saint Paul-Illaire lilipelekwa Ujerumani, na Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kisayansi mwaka 1893. Kuwapo kwa sampuli ya Hannover si kosa, mmea ulilelewa huko. Weka alama kwamba ulipandwa. Amani nayo, tangu Wajerumani waanzishe kituo mwaka 1902, ina miti ya kigeni tele, kwa hiyo mti wa Amerika Kusini ukiwa na koodineti za Amani usimlaumu mwingizaji data.

Karatasi mbili, sampuli moja, sehemu mbili

Wakusanyaji walikata matawi kadhaa ya mti mmoja wakayagawa kwenye hebariamu mbalimbali, yaani hazina za mimea iliyokaushwa. Hilo lilituokoa: moto wa bomu wa Machi 1943 uliteketeza sehemu kubwa ya hebariamu ya Berlin, na nakala zilizokuwa kwingine ndizo zilizobaki. Lakini kila hebariamu ilitia koodineti yake. Mkusanyaji mmoja, namba moja, tarehe moja, lazima iwe sehemu moja. Soma lebo zote, chukua yenye maneno mengi zaidi, uipe zote koodineti hiyo.

Kidoto kinaonekana sahihi mno

Longitudo inasema 38.633333. Desimali sita! Eti tunajua alisimama wapi hadi chini ya mita moja. Hapana. Hizo tatu nyingi ni dakika 38 zilizogawanywa kwa 60. Mkusanyaji alijua dakika tu, na kikokotoo ndicho kilichojipa ujuzi.

Ndiyo sababu kila kidoto kinahitaji duara la shaka, safu ya coordinateUncertaintyInMeters. Kwetu hapa karibu na ikweta, koodineti iliyoandikwa kwa digrii nzima ina shaka ya kilomita 157. Kwa dakika nzima, kilomita 2.6. Kwa sekunde, mita 44. Kwa desimali mbili ni kilomita 1.6, na kwa desimali tatu ni mita 157. Hicho ni kianzio. Juu yake ongeza ukubwa wa mahali penyewe, datamu isiyojulikana, mwelekeo usio na uhakika, na kosa la ramani. Chukua nukta katikati ya mahali panapowezekana, chora duara linalofika mwisho wa panapowezekana. Mbinu hiyo ya nukta na duara ilielezwa rasmi mwaka 2004, na vikokotoo vyake viko bure mtandaoni.

Wenzangu wapya huona aibu kuandika duara la mita 12000. Wanadhani ni kukiri ujinga. Mimi nikipewa data yenye maduara makubwa namwamini aliyeiandaa. Ile yenye mita 10 kwa sampuli ya 1905 ndiyo naikagua mstari kwa mstari.

Zipo lebo ambazo duara lake lingemeza nchi. Ziache bila koodineti, uandike sababu. Na zipo ambazo unajua vizuri mno mahali pake: vinyonga na okidi wana wanunuzi wasiokuwa wema. Nakala ya ndani ibaki kamili. Nakala ya kutolewa nje ipunguze hadi desimali moja, useme umepunguza, na usiache jina la kijito kwenye safu ya maelezo ukadhani umeficha.

Kinyonga wangu, nilipomrudisha kutoka Hispania, nikaitazama lebo ya chupa upya kwa taa na kioo cha kukuzia. Kumbe neno la pili lilikuwa limefutika nusu: "Amani oder Sigi", Amani au Zigi. Mwinuko hakuna. Nikaweka nukta katikati ya hizo mbili, duara la mita 6000, na kwenye safu ya maelezo nikaandika: "Lebo inataja sehemu mbili. Duara linazimeza zote. Koodineti za awali zilikuwa zimebadilishana safu. Zigi imechukuliwa kuwa ya stesheni, si ya mto."